Guillaume Duchenne

Guillaume-Benjamin-Amand Duchenne (Boulogne-sur-Mer, 17 Septemba 1806 – Paris, Septemba 1875) alikuwa daktari wa Ufaransa aliyechunguza misuli na neva za binadamu kwa kutumia umeme. Anajulikana pia kama Duchenne de Boulogne, yaani Duchenne wa Boulogne, jina lililomtofautisha na daktari mwingine wa Paris ambaye jina lake lilikaribiana na lake.

Anahesabiwa kati ya waanzilishi wa elimu ya magonjwa ya neva. Hata hivyo watu wengi wanalijua jina lake kutokana na ugonjwa wa Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli ya watoto wa kiume hadi wasiweze kutembea. Duchenne hakujua chanzo chake. Jeni inayohusika ilipatikana miaka zaidi ya 100 baada ya kifo chake. Alichofanya ni kuutenga ugonjwa huo na mengine yote yaliyoitwa kupooza, na kuonyesha kwamba makao yake ni kwenye misuli yenyewe.

Familia na masomo

Duchenne alizaliwa katika ukoo wa watu wa bahari. Boulogne ni bandari ya kaskazini mwa Ufaransa, inayotazamana na Uingereza. Baba yake alikuwa nahodha aliyeshambulia meli za Waingereza wakati wa vita vya Napoleon, akatunukiwa nishani ya Légion d'honneur. Alitaka mwanawe naye aende baharini, lakini kijana alivutiwa na sayansi. Alisoma katika mji wa Douai, akamaliza mwaka 1825, kisha akaenda Paris kusomea udaktari. Kati ya walimu wake walikuwamo Laennec, aliyebuni kipimo cha kusikiliza kifua, na Dupuytren, mpasuaji mashuhuri wa wakati ule. Alihitimu mwaka 1831 kwa tasnifu kuhusu majeraha ya moto.

Boulogne

Baada ya kuhitimu alirudi nyumbani, akaoa na kufungua kazi ya udaktari. Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 1833 mke wake alifariki kwa homa ya uzazi muda mfupi baada ya kujifungua mtoto wa kiume, Émile. Duchenne ndiye aliyekuwa amemhudumia mkewe, tena peke yake. Mama mkwe alimlaumu kwa kifo hicho, na maneno yakaenea mjini. Mtoto alilelewa na upande wa mama, na baba na mwana waliishi mbalimbali kwa karibu miaka 30.

Ili kuelewa tuhuma hiyo inafaa kukumbuka kwamba wakati huo hakuna aliyejua asili ya homa ya uzazi. Ilikuwa mwaka 1847 tu ambapo Semmelweis, huko Vienna, aligundua kuwa ugonjwa huo ulibebwa na mikono ya madaktari wenyewe, na hata yeye hakusadikiwa kwa muda mrefu. Duchenne alipoteza wagonjwa na kuishi kwa huzuni. Ndoa yake ya pili haikufanikiwa.

Katika miaka hiyo migumu alianza kujaribu mbinu iliyokuwa imeingia katika tiba ya Ufaransa: kuchoma sindano mwilini na kupitisha umeme ndani yake ili kutuliza maumivu. Aligundua kwamba kila umeme ulipopita, msuli ulio karibu na sindano ulijikunja. Wengine walikuwa wameliona jambo hilo na kulipita. Yeye alijiuliza kama angeweza kuuchagua msuli mmoja tu kati ya mingi na kuuamuru ufanye kazi mbele ya macho yake. Mwaka 1842 aliuacha mji wa kwao akahamia Paris na swali hilo.

Daktari asiye na hospitali

Paris Duchenne hakuwa na cheo chochote cha hospitali, na hakuwahi kupewa kiti cha uprofesa. Kila asubuhi alizunguka katika wodi za hospitali za jiji akiwa amebeba kisanduku chake cha umeme, akitafuta wagonjwa waliopooza. Akimpata mmoja alimhoji, akampima, akaandika. Mgonjwa akihamishiwa hospitali nyingine, Duchenne alimfuata huko. Aliwafuatilia baadhi yao kwa miaka mingi, jambo ambalo madaktari wenye vyeo hawakuwa na nafasi ya kulifanya, kwa kuwa walibaki katika wodi zao.

Mwanzoni wengi walimwona msumbufu. Alizungumza kwa lafudhi ya pwani ya kwao na hakuwa hodari wa kuhutubia. Waliomtambua mapema ni Armand Trousseau, tabibu mwenye sauti kubwa Paris, na Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière. Charcot alikuwa mdogo kwake kwa miaka 19, na baadaye akawa daktari wa neva mashuhuri kuliko wote Ulaya, lakini alimtaja Duchenne kuwa mwalimu wake.

Kisanduku chenyewe kilitumia ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1831, yaani umeme unaozalishwa katika waya uliozungushwa kama koili. Badala ya sindano, Duchenne alitumia vishikizo viwili vilivyofunikwa kwa kitu kilicholoweshwa maji. Ngozi kavu huzuia umeme, ngozi iliyolowa huupitisha. Vishikizo vikiwekwa karibukaribu juu ya msuli, umeme huingia katika msuli huo tu, na ngozi haitoboki. Kabla yake, kazi ya misuli ilikisiwa kwa kuvuta misuli ya maiti. Yeye aliiona ikifanya kazi kwa watu walio hai. Alieleza mbinu hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1855 kuhusu kutia umeme mahali maalumu, kilichotoka tena mwaka 1861 na 1872 kikiwa kimeongezwa sana. Mwaka 1867 alitoa kitabu kingine kuhusu misogeo ya mwili, kinachoeleza kazi ya misuli mmoja baada ya mwingine.

Faida yake kwa tiba ilikuwa kubwa. Msuli uliopooza kwa sababu ya ubongo hujikunja ukipewa umeme. Msuli ambao neva yake imekufa hujibu tofauti, na msuli ulioharibika wenyewe hujibu tofauti tena. Kwa hiyo kisanduku kile kilikuwa pia kipimo cha kujua ugonjwa uko wapi.

Kwa njia hiyo alieleza magonjwa kadhaa. Kuhusu ugonjwa wa kunyauka kwa misuli kutokana na uti wa mgongo, jina lake huunganishwa na la Aran, aliyeutangaza mwaka 1850 akitumia pia wagonjwa wa Duchenne. Mwaka 1858 alieleza ugonjwa wa kuyumba unaotokana na kaswende iliyofika kwenye uti wa mgongo, ingawa Romberg wa Berlin alikuwa ameugusa kabla yake. Alieleza pia kupooza kwa ulimi, midomo na koo, na kupooza kwa mkono wa mtoto aliyevutwa bega wakati wa kuzaliwa, hali ambayo leo inaitwa kwa jina lake na la Wilhelm Erb.

Kazi iliyomfanya ajulikane nje ya udaktari ni ya mwaka 1862 kuhusu misuli ya uso. Alitia umeme misuli ya uso mmoja mmoja na kupiga picha za hofu, furaha au maumivu yaliyojitokeza. Picha nyingi ni za mzee mmoja ambaye ngozi ya uso wake haikuwa na hisia, hivyo hakuumia. Hata hivyo msomaji wa leo huzitazama picha hizo kwa mashaka kidogo. Charles Darwin alitumia baadhi yake katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu hisia. Kutokana na kazi hiyo, wanasaikolojia huita tabasamu la kweli, linalokunja misuli ya kando ya macho pamoja na midomo, tabasamu la Duchenne.

Watoto wenye miguu minene

Katika toleo la mwaka 1861 la kitabu chake Duchenne alieleza habari za mtoto wa kiume aliyemshangaza. Mtoto huyo hakuweza kutembea vizuri, alianguka mara kwa mara na alishindwa kuinuka bila msaada. Lakini misuli yake haikuwa imekonda kama ya wagonjwa wengine waliopooza. Mashavu ya miguu yake yalikuwa manene na magumu kama ya mtu mwenye nguvu nyingi. Mwaka uliofuata alitoa picha zake katika albamu ya picha za magonjwa.

Kwanza Duchenne alidhani chanzo ni ubongo, na jina la kwanza aliloupa ugonjwa huo lilisema hivyo. Sababu mojawapo ni kwamba baadhi ya watoto aliowaona walichelewa kusema au kujifunza. Baadaye aliliacha wazo hilo. Hapa historia ina mzaha wake: leo inajulikana kwamba protini inayokosekana katika ugonjwa huo hutumika pia kwenye ubongo, na sehemu ya watoto wenye ugonjwa huo huwa na ugumu wa kujifunza. Alichokiona kilikuwa cha kweli, ila hakikuwa chanzo cha udhaifu wa miguu.

Mwaka 1868 alichapisha makala ndefu yenye habari za wagonjwa 13. Alieleza ugonjwa kwa mpangilio ambao daktari wa leo angeutambua mara moja. Udhaifu huanza miguuni na kiunoni. Mtoto husimama akiwa ametanua miguu, tumbo limesukumwa mbele na mgongo umepinda kwa ndani, na hutembea akiyumba huku na huku. Baadhi ya misuli huvimba. Kisha udhaifu hupanda hadi mikononi na hauachi kuongezeka. Hakuna homa, hisia za ngozi hazipotei, na mtoto hazuiliwi kupata haja. Mambo haya ya mwisho ndiyo yaliyoonyesha kwamba uti wa mgongo haukuguswa.

Ili kuthibitisha alihitaji kuuona msuli wenyewe. Wakati ule njia ya kawaida ilikuwa kusubiri mgonjwa afe na kupasua maiti. Duchenne hakutaka kusubiri, tena kwa maiti mmoja asingejua ugonjwa ulianzaje. Alitengeneza chombo chembamba kama sindano nene chenye kipengee ndani, kilichochomwa msulini, kikakata kipande kidogo cha nyama na kutoka nacho. Madaktari wengine walikifananisha na chusa cha mvuvi, mfano unaomfaa mwana wa nahodha. Aliweza kukitumia kwa mtoto yuleyule katika nyakati tofauti za ugonjwa, na hakuna hospitali iliyolazimika kumlaza. Leo kuchukua kipande cha msuli kwa sindano ni jambo la kawaida, na Duchenne ni mmoja wa walioanzisha njia hiyo.

Chini ya hadubini aliona kwamba unene wa miguu ulikuwa wa uongo. Kati ya nyuzi za msuli palikuwa pamejaa mafuta na nyuzi ngumu za kuunganisha, na zile nyuzi za msuli zenyewe zilikuwa zikitoweka. Mguu ulionenepa ulikuwa mguu unaokufa. Ndiyo maana jina la makala yake lilitaja kupooza kwenye unene usio wa kweli.

Alitumaini kwamba umeme ungesaidia watoto waliofikishwa mapema. Tumaini hilo halikutimia.

Suala la Meryon

Duchenne hakuwa wa kwanza kuuona ugonjwa huu. Madaktari wa Napoli, Italia, walikuwa wameandika habari za ndugu wawili wenye dalili kama hizo katika miaka ya 1830. Muhimu zaidi ni Edward Meryon wa London, ambaye Desemba 1851 alisoma mbele ya chama cha madaktari taarifa kuhusu watoto wa kiume wa familia kadhaa, ikachapishwa mwaka 1852.

Meryon aliona mambo mawili ambayo Duchenne hakuyapa uzito uleule. Kwanza, ugonjwa ulipiga wavulana wa familia moja, ndugu baada ya ndugu, na ulionekana kupitia kwa mama ambaye mwenyewe ni mzima. Pili, alipopasua maiti ya mtoto mmoja alikuta ubongo na uti wa mgongo havina kasoro, ila utando mwembamba unaofunika kila uzi wa msuli ulikuwa umechanika na kuharibika. Kwa kutazama nyuma, hilo la utando ni jambo la ajabu, kwa sababu ndipo hasa palipo na kasoro.

Kwa haki, basi, ugonjwa ungeweza kuitwa kwa jina la Meryon. Duchenne alikuwa na wagonjwa wengi zaidi, picha na vipande vya msuli vya watoto walio hai, na tena alikuwa na Charcot wa kulitangaza jina lake. Mwaka 1879 William Gowers wa London alikusanya habari za wagonjwa 220 na kueleza ishara inayoitwa kwa jina lake: mtoto aliyeketi chini huinuka kwa kushika magoti, kisha mapaja, kana kwamba anapanda juu ya mwili wake mwenyewe. Gowers naye alisisitiza kwamba ugonjwa hurithiwa kwa upande wa mama.

Miaka ya mwisho

Katika miaka ya 1860 Duchenne alipatana na mwanawe Émile, ambaye naye alikuwa daktari, nao wakafanya kazi pamoja Paris. Umoja huo ulikuwa mfupi, kwani Émile alikufa kwa homa ya matumbo kabla ya baba yake. Mwaka 1875 Duchenne alitoa picha zake za uso kwa shule ya sanaa ya Paris. Septemba mwaka huohuo alifariki kutokana na kuvuja damu kwenye ubongo. Mwaka 1897 mnara wa kumkumbuka ulizinduliwa Salpêtrière, hospitali ambayo alizoea kuingia bila kuajiriwa.

Jeni iliyopatikana baadaye

Katika miaka ya 1980 watafiti walielekea kwenye kromosomu X, kwa sababu ugonjwa ulipiga wavulana na kupitia kwa mama. Wachache kati ya wasichana walioupata walikuwa na kromosomu X iliyokatika mahali palepale, na kulikuwa na mvulana aliyekosa kipande kizima cha eneo hilo. Mwaka 1986 kundi la Louis Kunkel huko Boston lilipata sehemu ya jeni hiyo, na mwaka 1987 protini yake ilitambuliwa, ikaitwa distrofini.

Jeni ya distrofini ni kati ya kubwa kuliko zote za binadamu. Ina urefu wa zaidi ya herufi milioni 2 za DNA, na maagizo yake yamegawanyika katika vipande 79 vinavyoitwa eksoni. Ukubwa huo ndio udhaifu wake, maana mahali pa kukosea ni pengi. Kwa wagonjwa wengi, karibu theluthi mbili, eksoni moja au zaidi imepotea. Kwa wengine kipande kimerudiwa, au herufi moja imebadilika.

Kazi ya distrofini ni kama ya kamba. Upande mmoja imeshika nyuzi zinazovuta ndani ya seli ya msuli, upande wa pili imeshika protini za utando wa seli, na hizo zimeshika tandiko la laminini lililo nje. Msuli ukijikunja, nguvu hugawanyika bila kuchana utando. Kamba isipokuwapo, utando hupasuka kidogokidogo kila mtoto anapotembea. Kalsiamu huingia, vimeng'enya hutoka na kuonekana kwenye damu, seli hufa. Kwa muda mwili hutengeneza nyuzi mpya, kisha hushindwa, na nafasi hujazwa na mafuta: yaleyale aliyoyaona Duchenne kwa hadubini. Vimeng'enya hivyo huwa juu sana kwenye damu tangu mtoto anapozaliwa, ingawa dalili huonekana kati ya miaka 2 na 5. Ugonjwa upo siku ya kwanza, ila bado haujajitokeza.

Kuna ugonjwa mwepesi zaidi, uliotengwa na Peter Emil Becker wa Ujerumani mwaka 1955, ambao baadaye ulionekana kutoka kwenye jeni hiyohiyo. Swali lilikuwa kwa nini mtu aliyepoteza kipande kikubwa wakati mwingine huwa na ugonjwa mwepesi kuliko aliyepoteza kidogo. Jibu lilitolewa mwaka 1988. Seli husoma maagizo ya jeni herufi tatu tatu. Tuchukue sentensi ya Kiswahili yenye maneno ya herufi tatu: MTI ULE UNA UFA. Tukiondoa neno zima la pili tunapata MTI UNA UFA, sentensi fupi lakini yenye maana. Tukiondoa herufi moja tu, T, na kuendelea kusoma tatu tatu, tunapata MIU LEU NAU FA, yaani hakuna kitu. Mgonjwa wa Becker kwa kawaida ana distrofini fupi inayofanya kazi kiasi. Mgonjwa wa Duchenne hana kabisa, au karibu hana.

Mwanamke ana kromosomu X mbili, hivyo jeni nzima ya upande mmoja kwa kawaida humtosha, ingawa baadhi ya wabebaji hupata udhaifu au matatizo ya moyo. Kila mtoto wa kiume wa mama mbebaji ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuupata ugonjwa, na kila binti ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuwa mbebaji. Lakini kwa takriban theluthi moja ya wagonjwa mama si mbebaji: badiliko limetokea upya. Ni jambo linalofaa kujulikana, kwa sababu ndugu wanapougua mmoja baada ya mwingine si ajabu mama kulaumiwa au jirani kushukiwa uchawi, wakati hakuna aliyefanya kosa lolote. Ugonjwa huu hutokea katika mataifa yote, takriban mtoto 1 kati ya wavulana 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa.

Kamba iliyoelezwa hapo juu inaweza kukatika mahali pengine pia, na kasoro hizo ndizo chanzo cha magonjwa kadhaa ya misuli ya kuzaliwa nayo, ambapo mtoto huonekana mlegevu tangu siku za kwanza. Jeni ya LAMA2 ikiharibika, laminini ya msuli hukosekana. Jeni za kolajeni ya aina ya 6 zikiharibika, nyuzi za nje hazishikamani, na mtoto huwa na viungo vilivyokazana hapa na vilivyolegea pale. Kasoro za jeni zinazovika sukari kwenye protini ya utando huathiri pia ubongo na macho. Mengi ya magonjwa haya hayamo kwenye kromosomu X. Mtoto, awe wa kiume au wa kike, huugua akipokea nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, na ndiyo maana huonekana zaidi pale ndugu wa damu wanapooana.

Kwa Duchenne hakuna tiba ya kuponya kabisa. Dawa za steroidi huongeza muda wa kutembea, dawa za moyo na mashine za kusaidia kupumua usiku huongeza maisha, na mazoezi ya kunyoosha viungo huchelewesha kukakamaa. Zamani wengi walifariki kabla ya kumaliza miaka yao ya 20, lakini penye huduma kamili wengi sasa huvuka umri wa miaka 30. Tangu mwaka 2016 kuna dawa nchini Marekani zinazoifanya seli iruke eksoni fulani ili usomaji wa herufi tatu tatu urudi sawa, yaani kujaribu kuugeuza ugonjwa wa Duchenne uwe kama wa Becker. Zinawafaa wagonjwa wenye mabadiliko maalumu tu, faida yake hadi sasa ni ndogo, na bei yake ni kubwa mno.

Kila tarehe 7 Septemba, yaani 7/9, huadhimishwa siku ya kimataifa ya ugonjwa wa Duchenne. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu ya zile eksoni 79.